Shela la Mjukuu wa Mtemi

Mwalimu hakusifu nguo kabla hajaigeuza. Ukimletea gauni, kitambaa cha meza, hata kofia ya mtoto, alipitisha mkono ndani, akaipindua, akaangalia nyuzi zilivyofungwa upande ule ambao watu hawauoni. Hakuchagua mahali pa kufanya hivyo. Nilimwona kanisani, wakati wa kupeana amani, amemshika mke wa diwani kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshakunja upindo wa gauni lake. "Amani iwe nawe," alimwambia, "na fundi wako akazie hapa." Fundi mwenyewe nilikuwa mimi, benchi la nyuma yao. Niliinamisha kichwa kama mtu anayesali.

Nilipanga chumba cha mbele cha nyumba yake pale Somanda, mjini Bariadi, kwa miaka kumi na moja, cherehani yangu ikiwa barazani. Ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba. Nilijua anapokohoa, anapocheka na redio, na anapogombana na redio. Alikuwa amestaafu zamani, alifundisha sayansi kimu, lakini mtaani alibaki Mwalimu, hakuna aliyemwita kwa jina. Wanawake wenye wajukuu walikuwa wakimwona mbali wanatema ubani kabla hajafika.

Kazi yake baada ya kustaafu ilikuwa kufuma lesi kwa mkono, kwa uzi mwembamba mweupe na sindano yenye ndoano ndogo kichwani. Alifuma mchana tu. Kiti chake kilifuata mwanga: asubuhi kilikuwa chini ya dirisha la mashariki, kikazunguka nyumba polepole, na kilipofika mlango wa jikoni vijana wa bodaboda wa kijiwe cha jirani walijua ni saa tisa. Uzi ulitoka Mwanza, umesokotwa vidonge vidogo kama mayai ya kanga. Jambo hilo lilimuudhi maisha yake yote. "Pamba inaondoka hapa kwa malori," alikuwa akisema, "halafu mimi nainunua kwa vidonge."

Jumamosi walikuja wanawake kujifunza: nesi, mke wa mchungaji, binti mmoja wa duka la dawa za mifugo. Mwalimu alipita nyuma yao akiwa amefunga mikono, na neno alilolitumia kuliko yote lilikuwa "fumua." Nesi aliwahi kumuuliza, karibu analia, "Yote, Mwalimu?" Akamjibu, "Mpaka pale ulipoanza kujidanganya." Yule nesi hakurudi kwa mwezi mzima. Aliporudi, Mwalimu alimpokea kana kwamba alikuwa ametoka nje kunywa maji.

Lakini ukiingia sebuleni kwake, juu ya televisheni utaona kitambaa kibaya kuliko vyote Bariadi: bata mzinga, au labda bata maji, shingo imepinda, jicho moja kubwa kuliko lingine. Nilimwuliza mbona hiki hakifumuliwi. Alisema kilifumwa na mwanafunzi wake mmoja aliyekuwa anaumwa, miaka ile akiwa bado kazini. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza kama mwanafunzi huyo alipona.

Alikataza watu kula wakitembea barabarani, akawakemea hadi wageni wasiomjua. Hata hivyo karibu kila Ijumaa aliingia chumbani kwangu na muhogo wa kukaanga kwenye karatasi, akavuta pazia, akaula amesimama, haraka, huku mimi ninaangalia njia.

Hakuolewa. Nilimdadisi siku moja nikiwa namalizia gauni la bibi harusi. Akaniambia alichumbiwa, wakampeleka kuwaona wakwe, akamwona mama mkwe anavyokunja mashuka, akarudi kwao siku hiyohiyo. Nilicheka. Baadaye nikasikia kuwa mke wa mchungaji aliambiwa mchumba alikwenda kusoma akapotelea huko, na nesi akaambiwa hapakuwa na mchumba yeyote. Harusini hakwenda, hata ya mpwa wake. Alituma kitambaa na salamu.

Na watemi je? Kwa hilo alikuwa na msimamo wa darasani. Serikali iliwaondoa watemi kwenye utawala siku nyingi, na Mwalimu alilifundisha hilo kama anavyofundisha kunawa mikono. "Nchi hii ina wananchi," alisema. Ila kwetu mtemi bado ni mtemi. Mvua zikichelewa, watu wanajua nyumba ya kwenda kuuliza, na wakimfikia wanapiga magoti, akiwemo afisa anayefika kwa gari la ofisi. Mwalimu alisikia habari hizo akitikisa kichwa.

Sasa basi, asubuhi moja wakati pamba ndiyo inaanza kutoa maua, nilisikia anafagia uwanja. Akamaliza. Akafagia tena. Mara ya tatu nikatoka. Akaniomba viti vyangu viwili vya mbao kwa kuwa vyake, alisema, vinayumba.

"Nani anakuja, Mwalimu?"

"Mwananchi," akajibu, akaendelea kufagia.

Aliyekuja alikuwa binti wa mtemi wa sasa, ambaye watoto wa kaka zake humwita senge, yaani shangazi kwa Kisukuma. Mama mnene, mwenye sauti ndogo ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kuipandisha. Walisalimiana Kisukuma kwa muda mrefu, mwangaluka mayu, mhola, mhola duhu, mifugo, watoto, mvua, mpaka nikadhani ndicho kilichomleta. Kisha akasema. Mjukuu wa mtemi, binti aliyesomea ufamasia, anaolewa baada ya mavuno. Amekataa shela la kukodi. Anasema mashela ya kukodi Mwanza yamevaliwa na watu asiowajua, na yanatoka China yakiwa yote ni pacha. Anataka lesi iliyofumwa hapa, kwa mkono wa mtu wa hapa.

"Tunataka liwe na taji," senge alisema. "Taji pale juu ya paji, na lingine kwenye pindo. Watu wajue anatoka nyumba gani."

"Taji anavaa babu yake," Mwalimu alimwambia. "Huyu anaolewa. Nitamwekea ua la pamba."

Senge alimtazama. Nafikiri hakuwa amezoea kuambiwa hapana na mtu aliyekaa kitini.

"Ua la pamba kila mtu analo shambani."

"Ndiyo. Linafunguka jeupe, kesho yake linakuwa la waridi. Nitamfumia la siku ya kwanza."

Halafu senge akacheka, akapiga makofi mara mbili kwa heshima, akashukuru, "Wabeja, Mwalimu," na mambo yakaisha hapo. Alipoondoka, Mwalimu alimsindikiza mpaka barabarani, na nikamwona anakunja magoti kidogo. Kidogo sana. Aliporudi alinikazia macho ili nisije nikathubutu kusema neno.

Alifuma miezi mitano. Alianza na vipande, kila kimoja upana wa mkono, kisha akawa anaviunganisha. Shela lilipoanza kuwa zito alilitandika juu ya shuka safi mapajani, na mtu yeyote aliyekaribia na chai alifukuzwa. Niliona mambo mawili matatu nikayapuuza. Kwamba alikuwa ameacha kusoma kadi za mwaliko na kuniomba mimi nizisome, "sauti yako nzuri." Kwamba alimwaga chumvi kwenye chai akanywa yote bila kusema. Kwamba kiti hakikuzunguka tena. Kilikaa nje, juani, siku nzima, hata saa saba, jua likimpiga usoni.

Zikiwa zimebaki wiki tatu aliniita nipime mahali pa kushonea kitana cha nywele. Nikalishika shela, nikalinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Nusu ya kwanza ilikuwa kitu ambacho sijawahi kukiona: maua yamekaa kama yamedondoka yenyewe juu ya wavu. Halafu, kuelekea pindo, yakaanza kuharibika. Maua yaliyoungana yasipotakiwa. Tundu ambalo kidole changu kilipita. Vipande vitatu vizima vilikuwa hivyo.

Ningeweza kunyamaza. Niliwaza jinsi ya kuliziba lile tundu kwa siri, nikawaza senge analikunjua mbele ya wanawake wa ukoo.

"Mwalimu," nikasema, "hapa pana kasoro."

"Hapa wapi?" Akanyoosha mkono, akashika mahali pengine kabisa.

Nikachukua kitambaa cha sare za kwaya kilichokuwa begani kwangu, nikakisogeza mbele yake, nikamwuliza ni cha rangi gani.

"Usinipe mtihani," alisema. "Mwalimu ni mimi."

Kisha akakaa. Alikaa kama mtu aliyebeba ndoo mbali sana na sasa anaitua. Akaniambia ukungu ulianza mwaka uliopita, jicho la kushoto kwanza. Alikuwa anafuma kwa kugusa tangu pamba ilipopasuka. Hakumwambia yeyote, kwa sababu mpwa wake kule Bukundi alikuwa ameshasema, na si mara moja, kwamba siku macho yakimshinda atakuja kumchukua. Mpwa huyo hakuwa mtu mbaya, alisema. Alikuwa na ng'ombe wengi na moyo mzuri. Ila Bukundi angekuwa shangazi anayekalishwa kivulini, na hapa alikuwa Mwalimu.

"Turudishe kazi ya watu," nikamwambia. "Wakodi Mwanza. Bado kuna muda."

"Fumua," akasema. "Vyote vitatu. Na usikate uzi."

Niliwapigia simu wanakwaya kuwaambia sare zitachelewa. Walinitukana kwa lugha ambayo wanakwaya hawaimbi. Nikafunga cherehani. Kila siku, jua likipanda, nilikaa kwenye kigoda magoti yangu yakigusa yake, nikawa macho yake. Nilihesabu vitanzi kwa sauti na yeye akafuma. Nikisema "hapo" alisimama. Nikisema "kushoto" alikwenda. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Nilichoka mimi kabla yake, siku zote. Nilijifunza pia mambo ambayo ukuta haukuwahi kuniambia: kwamba anapofuma vizuri huuma mdomo wa chini, na kwamba aliogopa. Siku moja aliweka sindano chini akaniuliza, "Fundi, kuna mtu amesimama mlangoni?" Hapakuwa na mtu. Akasema, "Basi," akaendelea.

Tulimaliza siku mbili kabla ya harusi.

Bibi harusi alikuja kulichukua mwenyewe, pamoja na senge. Nilitegemea binti wa majivuno. Alikuwa mwembamba, amevaa ndala, nywele zimefungwa kwa ajili ya msusi. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Mwalimu, akasema shikamoo, akabaki palepale chini. Mwalimu alitafuta paji lake la uso kwa vidole, akafuata mstari wa nywele mpaka masikioni, akaweka shela. Senge, ambaye alikuwa na maneno ya kila kitu, aliziba mdomo kwa khanga.

"Nimependeza, Mwalimu?"

"Nyoosha shingo," Mwalimu akasema. "Sasa ndiyo."

Lakini alikuwa anatazama kidogo pembeni ya bega la yule binti, na binti aliliona hilo. Kwenye geti alinivuta mkono. "Haoni, sivyo?" Nilitazama chini.

Siku ya harusi Mwalimu alisema ana mchele wa kuchambua. Alikaa na ungo, akachambua kwa vidole. Saa nane msafara ukapita barabara kuu, honi, matarumbeta, ngoma za wacheza nyoka waliotangulia kwenye gari la wazi. Akasimama na ungo wake, akageuza uso kufuata sauti kutoka upande mmoja wa mji mpaka mwingine. Ilipotea, akakaa, akaanza mchele ule upya.

Haikupita miezi miwili aliungua mkono na sufuria, na mpwa akaja. Alikuja na pikapu na maneno ya upole, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Mwalimu alibeba yule bata wa kitambaa na begi la nyuzi. Hakuniaga vizuri. Alisema, "Ile kufuli ya nyuma inataka kuinuliwa kidogo," akapanda gari.

Yaliyofuata niliyapata kwa simu. Bibi harusi, ambaye sasa alikuwa amehamia kazini huku kwetu, alisikia kwamba madaktari wa macho wanakuja kuweka kambi. Aliliandika jina la Mwalimu likawa la kwanza kwenye orodha kabla hajamwuliza. Akampelekea gari. Jicho la kushoto lilishindikana. La kulia lilitolewa mtoto wa jicho, likafungwa, likafunguliwa.

Na kuhusu shela, kulitokea jambo ambalo senge hajalisamehe mpaka leo. Baada ya harusi, mwanamke aliyekuwa akiwapelekea maziwa pale kwa mtemi aliomba binti yake aliazime. Bibi harusi akampa. Kisha akaazima mwalimu wa shule ya msingi, halafu mtu wa Dutwa, halafu mwingine. Aliyekataa la kukodi kwa sababu limevaliwa na wengi, sasa lake lilikuwa linavaliwa na wengi kuliko la duka lolote. Nilimwuliza. Alisema, "Hawa ninawajua." Kila lilipotoka lilipita kwangu, nilifue na kulinyoosha.

Hivyo ndivyo nilivyolipata mkononi msimu uliopita, nikaamua kulipeleka Bukundi. Nilipanda basi mpaka Mwanhuzi, kisha bodaboda, shela likiwa ndani ya foronya, foronya ndani ya mfuko wa nailoni, kwa ajili ya vumbi. Njiani nilikuwa naandaa maneno. Nilidhani atakasirika. Alilifuma kwa ajili ya mtu mmoja.

Nilimkuta uani, amevaa miwani mizito, amezungukwa na wake watatu wa wafugaji, sindano za kufumia mikononi, mmoja ananyonyesha. Aliniona nikiwa mbali. Aliniona yeye mwenyewe! "Fundi," akasema, "umenenepa." Nikamsalimia, shikamoo.

Nilimweleza habari ya kuazimwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wamevaa wangapi?"

"Saba, Mwalimu."

"Unalifulia sabuni gani?"

"Ya mche. Maji ya baridi."

"Vizuri. Lete nilione. Sijawahi kuliona."

Hapo ndipo nilipoelewa nimebeba nini. Nilikuwa nimelishika, nimelihesabu, nimelifua mara saba. Bibi harusi, senge, wapiga picha, Dutwa nzima walikuwa wameliona. Yeye hakuwa ameliona lilipokamilika.

Wale wanawake wakatandika mkeka. Nikalikunjua. Mwalimu akapiga magoti juu ya mkeka, uso karibu na lesi, jicho moja zima likisafiri ua kwa ua. Alikwenda taratibu sana. Mama anayenyonyesha alimbembeleza mtoto asilie. Mwalimu aligeuza upande wa nyuma, bila shaka, akaurudisha. Alipita nusu ya kwanza bila kusimama. Akafika kwenye vipande vitatu vya mwisho, vyetu, na karibu na pindo akaweka kidole.

"Hili lina petali sita," akasema. "Pamba ina tano."

"Najua, Mwalimu." Nikapiga magoti kando yake. "Niliona asubuhi wanakuja kulichukua. Nilihesabu vibaya. Nikanyamaza."

"Mimi nilijua siku ileile tulipolifuma. Vidole vyangu havikuwa na mtoto wa jicho."

"Kwa nini hukusema?"

Aliondoa miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akairudisha.

"Ulikuwa umelala," akasema. "Umekaa wima, macho umefumba, na midomo bado inahesabu. Nikakufuata mpaka ulipofika."

Alilaza kiganja juu ya lile ua, akakiacha pale, na mke wa mpwa akatuita tukale.

Nilitaka kumwachia shela alale nalo walau siku mbili. Alikataa, akalikunja mwenyewe, akaliingiza kwenye foronya, akanisindikiza mpaka ilipokuwa bodaboda. Jumamosi Dutwa kulikuwa na harusi ya binti wa fundi baiskeli, na bibi harusi huyo alikuwa ameshanipigia simu mara mbili akiulizia shela.